Kalipa, kalibu na deheni: Historia ya breki na rangi katika pwani yetu

Desemba iliyopita nilitafsiri vibaya neno moja, na neno hilo nusura limchomee mpwa wangu gari katikati ya barabara ya Kilifi kwenda Malindi. Nimefundisha Kiswahili chuoni kwa zaidi ya miaka 30, na tafsiri za wanafunzi nilizozisahihisha hazina idadi. Sikuwahi kudhani kwamba tafsiri yangu mwenyewe ingekuja kusahihishwa na fundi wa gereji chini ya mwarobaini, tena kwa tupa na msasa.

Mpwa wangu ni dereva. Anaendesha Probox, yale magari ambayo abiria wa huku kwetu hujazana ndani asubuhi wakienda sokoni, hospitalini na kazini. Mwezi huo alikuwa amenunua rimu zenye matundu makubwa, na kupitia matundu hayo kila mpita njia aliweza kuona jinsi kalipa za breki za mbele zilivyoliwa na kutu. Akaja kwangu Kilifi siku ya Jumapili na mkebe wa rangi nyekundu mkononi.

"Mjomba, leo nataka kuzipiga rangi hizi kalipa," akaniambia. "Kazi nitaifanya mwenyewe. Wewe nisomee tu haya maandishi, maana ni Kiingereza kitupu na herufi zenyewe kama sisimizi."

Nikavaa miwani. Mwalimu wa lugha akiombwa kutafsiri hakatai. Nikamsomea onyo moja baada ya jingine, naye akafanya kazi yake. Nitarudi kwenye onyo moja kati ya hayo. Kwanza, msomaji mpenzi, turudi nyuma, kwa sababu nikiwa nimeshika tochi jioni ile niligundua kwamba maneno tuliyokuwa tukiyatumia uani mwangu yalikuwa na umri mkubwa kuliko gari lenyewe.

Tuanze na hilo neno kalipa. Kwa asiyejua, kalipa ni kile kipande cha chuma kilichokaa kama kiganja juu ya diski ya breki. Ndani yake mna pistoni, na kila upande wa diski pana pedi. Ukikanyaga breki, mafuta ya breki husukuma pistoni, pistoni husukuma pedi, na pedi huibana diski hadi gurudumu lisimame. Zamani, nilipokuwa na ari ya ujana, niliandika katika madaftari yangu kwamba kitu hiki kiitwe kibanio cha breki. Nililipenda neno hilo kwa kuwa linajieleza. Lakini wapi! Sijamsikia fundi hata mmoja, kuanzia Mtwapa hadi Mambrui, akilitamka. Wao husema kalipa: kalipa imeshika, kalipa inavuja, kalipa haiachilii.

Mtu anaweza kudhani kalipa ni Kiingereza kilichovalishwa kanzu. Ni kweli kwamba mafundi wetu walilipata neno hilo kwa Waingereza. Lakini Waingereza nao walilipata wapi? Wengi wa wanaochunguza asili ya maneno hulipeleka kwenye neno la Kifaransa na la Kiitaliano lenye maana ya kipenyo cha mtutu wa bunduki, na kutoka hapo kwenye neno la Kiarabu qalib, yaani umbo la kusubia madini. Waarabu nao wanasemekana kulitoa kwa Wagiriki, ambao kwao lilikuwa kile kigogo chenye umbo la mguu anachotumia fundi viatu. Kwa Waingereza, chombo cha kupimia kipenyo kikaitwa kwa jina hilo. Chombo hicho kina miguu miwili inayobana kitu pande zote mbili, na kifaa cha breki kinachobana diski namna hiyo hiyo kikarithi jina.

Sasa, mwenye kamusi ya Kiswahili na afungue herufi K. Atalikuta neno kalibu, lenye maana ya umbo la kusubia chuma au madini mengine. Ni qalib yule yule, ila huyu alikuja kwetu moja kwa moja kwa njia ya bahari. Kwa hiyo kalibu na kalipa ni ndugu wa ukoo mmoja. Mmoja alikuja na jahazi, mwingine akazunguka Ulaya kabla ya kutufikia ndani ya gari. Na kalipa nyingi za magari ya kawaida kama la mpwa wangu ni za chuma cha kusubu: chuma huyeyushwa na kumiminwa katika kalibu. Kalipa, kwa maneno mengine, huzaliwa katika kalibu.

Kuna jambo jingine. Kiswahili kilikuwa na kalipa yake kabla ya gari lolote kufika pwani. Kutokana na kivumishi kali tulipata kitenzi kukalipa, yaani kuwa kali, kama vile kutokana na nene tulivyopata kunenepa. Kutoka kukalipa likaja kukalipia, ambalo wengi leo hulitamka kukaripia. Maneno haya mawili, la Kibantu na la kigeni, hayana udugu wowote. Yamekutana njiani tu yakafanana sura. Hata hivyo, anayekumbuka kelele ya pedi iliyokwisha inaposuguana na diski ataona kwamba kifaa hiki hulikaripia gurudumu kwelikweli.

Tuje kwenye rangi. Neno rangi lenyewe ni la Kiajemi, nalo limeenea Bahari Hindi nzima, kutoka Bara Hindi hadi kwetu. Lakini kabla ya rangi za mikebe, vyombo vya usafiri vya pwani hii vilikuwa na mpako wao. Uliitwa deheni. Ulitengenezwa kwa chokaa na mafuta ya mnyama, ukapakwa sehemu ya chini ya jahazi, ile inayozama majini, ili kuzuia wadudu wa baharini wanaotoboa mbao. Sehemu ya juu ilipakwa sifa, yaani mafuta ya maini ya papa, ambayo harufu yake aliyewahi kuinusa haisahau. Neno deheni linatokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kupaka mafuta, na hadi leo Waarabu huita rangi ya ukutani kwa neno la mzizi huo huo.

Kazi ya deheni ilikuwa na saa yake. Chombo kilisogezwa ufuoni wakati wa bamvua, maji yanapojaa sana na kupwa sana. Maji yakipwa, jahazi linabaki limelala ubavu mchangani. Mafundi na mabaharia hukwangua chaza na magugu, huziba nyufa kwa kalafati, kisha hupaka deheni upande mmoja. Maji yakijaa tena hukiinua chombo, kikalazwa upande wa pili. Hapakuwa na jeki wala kreni. Bahari yenyewe ndiyo iliyokuwa jeki.

Kuna neno katika kazi hiyo ambalo mpwa wangu alilitamka uani bila kujua limetoka mbali kiasi gani. Aliniambia, "Mjomba, nipe huo msasa." Kwake, na kwa wengi wetu, msasa ni karatasi yenye mchanga ya kusugulia. Lakini msasa ni mti. Uko katika misitu yetu ya pwani, na majani yake yanakwaruza kama ulimi wa ng'ombe. Maseremala waliyatumia majani hayo kulainishia mbao na milango ya nakshi. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 inautaja mti huo na kazi ya majani yake. Karatasi ya kiwandani ilipokuja, watu wa pwani hawakuona haja ya kutafuta jina jipya. Kazi ni ile ile, basi na jina liwe lile lile. Hilo ni somo zuri kwa sisi tunaounda istilahi ofisini: mara nyingi jina hufuata kazi ya kitu kuliko umbo lake.

Gari lilipofika pwani lilipokelewa vivyo hivyo, kana kwamba ni chombo cha bahari kilichopotea njia. Gari lenyewe ni neno la Kihindi. Lakini kifaa cha kuliongozea kikaitwa usukani, na usukani ni wa jahazi. Waarabu huuita sukkan. Anayelipanda akawa abiria, kama wa chomboni. Mzigo wake ukawa shehena. Malipo yake yakawa nauli, neno ambalo Waarabu walilipata kwa Wagiriki na ambalo maana yake ya awali ni malipo ya safari ya baharini. Leo makanga wa matatu akidai nauli pale Kibaoni, anatumia neno la nahodha.

Breki, hata hivyo, haikupata neno la baharini. Kwa nini? Kwa sababu jahazi halina breki. Nahodha akitaka kusimama hutua tanga, huachia mwendo upungue, kisha hutia nanga. Kusimama baharini ni jambo la kupanga mapema, si la kukanyaga ghafla. Kwa hiyo wahenga wetu walikuwa na maneno ya usukani, ya shehena na ya nauli, lakini kifaa cha kukamata gurudumu linalozunguka hawakuwa nacho, na jina lake hawakuwa nalo. Tulipokihitaji tulikichukua pamoja na jina lake, tukaliongezea irabu mwishoni, likawa breki.

Msidhani lakini kwamba neno la kukopa hubaki mgeni siku zote. Breki ya baiskeli huishika. Breki ya gari huikanyaga au huifunga. Mtu msemaji kupita kiasi husemwa kuwa mdomo wake hauna breki. Na msafiri akiulizwa anakwenda wapi hujibu, "Breki ya kwanza Malindi," akimaanisha kituo cha kwanza. Kiingereza hakitumii neno hilo hivyo. Hapo ndipo unapojua kwamba mgeni keshapewa jembe.

Wazee wa pwani wanazikumbuka siku ambazo breki ilikuwa jambo la roho mkononi. Kabla ya daraja la Kilifi kufunguliwa mwaka 1991, safari ya kwenda Malindi ilipitia kwenye feri. Pale Mtwapa, kabla ya daraja lake, wavutaji waliivuta feri kwa minyororo huku wakiimba. Mombasa nako, daraja la Nyali lililoelea juu ya maji tangu mwaka 1931 lilidumu hadi la sasa lilipofunguliwa mwaka 1980. Mahali penye feri pana mteremko unaoingia majini. Lori likishuka, tanboi hutembea kando yake na kabari ya mti mkononi, tayari kuitupa nyuma au mbele ya gurudumu breki zikikataa. Kabari ile ndiyo iliyokuwa breki ya mwisho. Hadi leo ukiona tanboi amebeba kipande cha mti, ujue dereva wake hana imani kamili na kilicho chini ya mguu wake.

Breki za magari ya siku zile nyingi zilikuwa za dramu, yaani zimefungiwa ndani ya kitu kama ngoma. Breki za diski, zilizo na kalipa, ni wazo la zamani lililochelewa kukubalika. Mwingereza Frederick Lanchester alipata hataza yake mwaka 1902. Alitumia pedi za shaba, nazo zikapiga kelele isiyovumilika. Nusu karne ilipita kabla ya wazo hilo kuthibitika mbele ya macho ya watu: mwaka 1953 gari la Jaguar lenye breki za diski lilishinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans huko Ufaransa. Mwaka huo huo, Afrika Mashariki ilianzisha mashindano yake ya magari ambayo baadaye tuliyajua kwa jina la Safari Rally. Mwaka 1955 Citroën ya Ufaransa ikatoa gari la DS likiwa na diski mbele, na kuanzia hapo kalipa zikaanza safari ya kuelekea kwenye magari ya watu wa kawaida.

Ubora wa diski uko kwenye joto. Breki haiui mwendo. Huugeuza kuwa joto. Gari la kilo 1,200 linalokwenda kilomita 80 kwa saa lina nishati ya karibu kilojuli 300. Likisimamishwa mara moja, joto linalopatikana linatosha kuchemsha lita moja ya maji yaliyokuwa na uvuguvugu wa mchana wa Kilifi, nyuzi 30 hivi. Piga picha ya dereva wa Probox anayesimama kila kituo kutoka Kilifi hadi Malindi: ni kama mtu anayeinjika birika moja baada ya jingine. Dramu hulifungia joto hilo ndani. Diski iko wazi, hupigwa na upepo, hupoa haraka. Ndiyo maana rangi ya kawaida ya mlangoni haifai kupakwa kwenye kalipa. Itabadilika, itapasuka na kubambuka. Inatakiwa rangi iliyotengenezwa kuhimili joto, ipakwe mikono kadhaa myembamba, kila mkono ukiachwa ukauke.

Na kwa nini nyekundu? Mpwa wangu alinijibu kwa mkato: "Inapendeza, Mjomba." Mtindo huu umetoka kwenye magari ya mashindano na ya kifahari. Kampuni ya Brembo, iliyoanzishwa mwaka 1961 karibu na mji wa Bergamo nchini Italia, imezifanya kalipa nyekundu zijulikane dunia nzima. Porsche ya Ujerumani nayo huzipa kalipa zake rangi kulingana na aina ya breki, na za manjano huashiria diski za kauri. Huko, basi, rangi ni lugha: inamwambia mtazamaji kilichomo ndani. Kwetu Malindi, mji ambao Kiitaliano kimesikika mitaani kwa miaka mingi, na ambako Waitaliano walirusha setilaiti kutoka jukwaa la San Marco huko Ngomeni tangu mwaka 1967, haishangazi kijana kupenda wekundu wa Italia. Ila rangi ya mpwa wangu ilitamka jambo ambalo chuma chake hakikuwa nalo. Ilisema breki za mashindano; ndani zilikuwa breki za Probox iliyochoka.

Simlaumu. Watu wa pwani wamepamba vyombo vyao tangu zamani. Majahazi ya Lamu yana jicho lililochongwa na kupakwa rangi kwenye omo. Matatu zetu zilijaa michoro hadi kanuni za waziri Michuki zilipoanza kutekelezwa mwaka 2004 na mstari wa manjano ukachukua nafasi yake, kabla ya michoro kurudi tena. Na rangi haina kazi ya urembo peke yake. Kutu ni chuma kilichokutana na hewa na maji, na chumvi huiharakisha kazi hiyo. Anayeishi kando ya bahari anajua mabati yake hudumu muda gani. Kalipa iliyosuguliwa vizuri na kupakwa rangi inayofaa hujikinga na upepo huu wa chumvi, kama jahazi na deheni yake.

Turudi sasa uani kwangu. Mpwa alilegeza nati za gurudumu, akaliinua gari kwa jeki, akaweka vigogo imara chini yake asije akategemea jeki peke yake, akatoa gurudumu. Alisugua kutu kwa brashi ya waya, kisha kwa msasa. Alifungua boliti akaitoa kalipa, akaining'iniza kwa waya ili isivute mpira wa mafuta ya breki. Alitafuta karatasi za kufunikia diski, nikampa magazeti ya zamani. Nikaona ukurasa wenye safu hii ukizungushwa kwenye diski na kubanwa kwa tepe. Nikanyamaza. Angalau umepata kazi.

Ndipo akauliza, "Hapa wameandika nini?"

Ni lile onyo nililosema nitalirudia. Kiingereza kilitumia neno moja la jumla, lenye kumaanisha sehemu yoyote yenye mwendo. Nami, bila kusita, nikamwambia: "Usipake rangi sehemu zinazozunguka."

Ebu tafakari. Mpwa wangu alitazama mbele yake. Kinachozunguka ni nini? Diski. Alikuwa keshaifunika. Basi akajua onyo limetimizwa, akaanza kazi. Alipaka kalipa mgongo na tumbo. Alipaka zile pini mbili ambazo kalipa huteleza juu yake. Alipaka na vijia ambamo pedi husogea mbele na nyuma. Vyote hivyo havizunguki. Vinasogea. Na mimi, profesa mzima, nilikuwa nimesimama hapo na tochi nikimmulikia.

Jumanne yake tulitoka pamoja kwenda Malindi, tukiwa na abiria watatu nyuma, mmoja wao mama aliyempakata mtoto. Tulipokuwa tunaambaa na msitu wa Arabuko-Sokoke nikasikia harufu. Mwanzoni nilidhani ni makaa. Gari likaanza kuvutia upande wa kushoto. Mpwa akasimama kando, akashuka, akaliendea gurudumu la mbele na kurudi akipuliza vidole. Lilikuwa linatoa moshi. Yule mama alishuka kimya na mtoto wake, akaenda kusimama mbali na gari, chini ya mti. Hakusema neno. Ningependa angesema.

Tuliacha likapoa, tukasogea polepole mpaka kwa fundi mmoja karibu na Gede. Ni kijana ambaye huenda hajatimiza miaka 30. Alifungua gurudumu, akatazama, akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka.

"Mzee, nani amewapakia hii rangi?"

Mpwa akanitazama. Nikasema ni sisi.

"Kalipa imeshika," akasema. "Inabana lakini haiachilii. Mumepaka rangi mpaka kwa pini. Rangi unapaka mgongoni. Mahali pa kusogea hupaki kitu ila grisi yake."

Akachukua tupa na msasa, akaondoa rangi yote kwenye vijia vya pedi. Akasafisha pini, akazipaka grisi isiyoharibu mipira, akaweka pedi mpya kwa kuwa zile zilikuwa zimeungua. Akaisukuma kalipa kwa kidole, nayo ikateleza. "Breki isiyoachilia ni mbaya kama breki isiyoshika," akaniambia.

Nimelitafakari neno lake tangu siku hiyo. Kusogea, kuteleza, kuzunguka: Kiswahili kina vitenzi tofauti pale ambapo Kiingereza cha kwenye mkebe kilitumia neno moja. Lugha yetu haikunipungukia. Mimi ndiye niliyechagua haraka, kwa sababu nilikuwa naujua msamiati na siijui kazi. Fundi alijua kazi, na neno sahihi likamtoka lenyewe. Laiti angekuwa yeye aliyesoma mkebe, au laiti mimi ningemuuliza kabla ya kufungua mdomo!

Hapa ndipo penye uzito wa jambo hili. Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Lakini karibu kila kitabu cha ufundi wa magari kinachotumiwa katika vyuo vyetu kimeandikwa kwa Kiingereza. Maonyo ya mikebe, ya mafuta ya breki na ya pedi ni ya Kiingereza au ya Kijapani. Ujuzi wa Kiswahili wa kazi hii uko vinywani mwa mafundi, nao haujaandikwa. Dereva anayebeba mama na mtoto wake hutegemea kubahatika kwa tafsiri ya mtu aliye karibu naye. Siku ile aliyekuwa karibu alikuwa profesa, na bado wangeweza kuumia.

Sisi wataalamu wa lugha tumezoea kutunga istilahi mezani kisha kuwalaumu watu kwa kutozitumia. Huko ni kupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Ninapendekeza tufanye kinyume. Tuende kwanza gerejini tukiwa na daftari, tuandike kalipa, pini, pedi, kushika, kuachilia, kama wanavyosema wenyewe. Tuulize kila neno linafanya kazi gani. Kisha tuandike maonyo mafupi ya Kiswahili, tuwarudishie mafundi wayakosoe kabla hayajachapishwa. Majina kama kibanio cha breki, niliyoyapenda mimi, yabaki kwenye madaftari yetu hadi fundi atakapoyaomba.

Mimi nimeanza. Nimekwisha kurudi kwa yule fundi mara mbili, na daftari langu lina kurasa kadhaa. Mara ya pili alinisahihisha tena, nami nikafuta mbele yake.

Kalipa za mpwa wangu bado ni nyekundu, ila mgongoni tu. Juzi alinipigia simu kuniuliza kama nina safari. Nikamwambia nataka kwenda Malindi.

"Basi panda, Mjomba," akasema. "Lakini breki ya kwanza Gede. Fundi anataka kuitazama tena ile kalipa."

Tukutane wiki ijayo, inshallah.